Ramani ya Visiwa ni Wakfu wa Wote

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno haya aghalabu huambiwa wenye maduka, lakini ukweli wake unaigusa nchi nzima. Nchi isiyojua ina visima vingapi, njia zake za miguu zinapita wapi, nyumba ngapi zimejengwa katika mikondo ya maji ya mvua na kituo gani cha afya kiko mbali na watu, ni nchi inayotumia fedha zake gizani. Na nchi iliyokwisha kuyaandika hayo yote, kisha ikaliacha daftari lake likaliwa na mchwa, haina tofauti kubwa na ile ambayo haikuandika kitu.

Daftari tunalotaka kulizungumzia leo ni ramani ya Unguja na Pemba. Tunazungumza na wananchi, na tunazungumza pia na wakubwa wa Serikali, kwa sababu jambo hili halitatengenea kwa juhudi za upande mmoja.

Katika zama za ukoloni ramani za visiwa hivi zilipimwa na kuchorwa na Waingereza kwa haja za utawala wao. Mkulima wa Wete au mvuvi wa Nungwi hakuulizwa aongeze kitu katika ramani zile, wala hakutarajiwa kuziona. Ukoloni uliondoka, lakini mazoea ya kuiona ramani kuwa ni kitu cha kabati la ofisi hayakuondoka upesi.

Ndiyo maana kazi iliyoanzwa mwaka 2016 ilistahiki kupewa uzito zaidi kuliko uliopewa. Mwaka huo Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilianza kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani kwa kutumia ndege ndogo zisizokuwa na rubani. Wanafunzi wa SUZA, vijana wetu wenyewe, walifundishwa kuzirusha ndege hizo. Picha zilizopatikana zilikuwa safi kiasi cha mtu kuweza kuutambua mnazi mmoja mmoja na paa la nyumba moja moja. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba picha hizo zilitolewa wazi. Mwalimu, mhandisi, mwanafunzi wa Chake Chake na hata mgeni wa nchi ya mbali, kila mmoja alipewa ruhusa ya kuzitazama na kuzitumia bila ya malipo na bila ya barua ya maombi.

Matunda hayakuchelewa kuonekana. Mwaka 2018 picha hizo zilitumika katika mashindano ya kimataifa ya kuifundisha kompyuta namna ya kuyatambua majengo yenyewe, bila ya mtu kukaa akiyachora moja moja. Wataalamu wetu wa kupambana na malaria nao, wakishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth cha nchi ya Wales, walizitumia ndege za namna hiyo kuyatafuta maji yaliyotuama ambamo mbu huzaliana, yakiwemo yale ya mabonde ya mpunga. Kazi ambayo ingemtaka bwana afya atembee siku nyingi matopeni iliweza kuanzia angani, kisha yeye akenda pale tu panapohitaji miguu yake.

Hata hivyo, picha husema kweli ya siku ile iliyopigwa. Haisemi ya kesho yake. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabu Zanzibar kuwa na watu 1,303,569. Sensa ya mwaka 2022 ikatukuta tumefika 1,889,773. Yaani katika miaka kumi tumeongezeka watu 586,204. Watu hao hawakai hewani. Wamejenga, wamekata njia mpya, wamechimba visima, wamefungua madrasa na maduka, na wengine, kwa kukosa pahala pengine, wamejenga mabondeni ambako masika huwafuata mpaka vyumbani. Ramani isiyofanyiwa kazi kila mwaka haiwajui watu hao, na Serikali inayoitegemea ramani hiyo haitawajua pia mpaka siku ya mafuriko.

Hapo ndipo ulipo moyo wa maneno yetu. Kuzifungua taarifa kwa watu wote ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi na isiyokuwa na sherehe, ni kuzitunza. Na hakuna anayeweza kuzitunza taarifa za shehia isipokuwa wanashehia wenyewe.

Yafaa tueleze kidogo namna kazi hii inavyokwenda duniani. Mwaka 2004 Mwingereza mmoja, Steve Coast, alianzisha ramani iitwayo OpenStreetMap. Wakati huo ramani nzuri za nchi yake zilikuwa mikononi mwa idara ya Serikali iliyozitoza fedha nyingi. Fikra yake ilikuwa nyepesi: kila mtu aichore ile njia anayopita, na zikikusanywa njia za watu wote ipatikane ramani ya dunia nzima. Katika ramani hiyo kila badiliko huandikwa limefanywa lini na kwa jina la mchangiaji gani, na likiwa la makosa au la ufisadi huweza kurejeshwa lilivyokuwa. Tangu mwaka 2012 leseni yake inasema hivi: mtu yeyote aweza kuitumia hazina hii, hata kwa biashara, mradi aseme ameitoa wapi, na akiiongezea hazina yenyewe akaitangaza kwa watu, basi nyongeza hiyo nayo aitoe kwa masharti yale yale.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kufafanuliwa sana jambo hili, kwa kuwa sisi tunaujua wakfu. Mtu alipoitoa nyumba au shamba lake kuwa wakfu, mali ile haikuuzwa wala haikurithiwa tena, na manufaa yake yakawa ya wale waliokusudiwa. Lakini wazee wetu walijua vilevile kwamba wakfu usiokuwa na msimamizi huanguka. Ndiyo maana kukawa na mutawalli, na ndiyo maana hadi leo tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hazina ya taarifa iliyo wazi ni wakfu wa zama hizi. Masharti ya leseni yanazuia isije ikageuzwa mali ya mtu mmoja. Anayekosekana kwetu ni mutawalli.

Wapo watakaouliza kama kweli ramani inayochorwa na watu wa kawaida huweza kutegemewa. Mwezi wa Januari 2010 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Port-au-Prince, nchini Haiti. Waokoaji walipofika hawakuwa na ramani ya kutosha ya mji ule. Mamia ya watu waliokuwa nchi mbalimbali walikaa mbele ya kompyuta zao, wakazitazama picha za setilaiti na kuzichora barabara na majengo, na katika siku chache ramani hiyo ikawa ndiyo inayotumiwa na waokoaji. Karibu na kwetu, mwaka 2009 vijana wa Kibera, mjini Nairobi, walikitia katika ramani kitongoji chao ambacho katika ramani za wakati huo kilionekana kama pahala patupu, ingawa kimejaa watu.

Dar es Salaam nayo ina somo lake. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walishirikiana na wakaazi wa Tandale kuichora kata hiyo, kichochoro kwa kichochoro. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam, na watu zaidi ya arobaini wakapoteza maisha. Mwaka 2015 ukaanzishwa mpango wa Ramani Huria, ambapo wanafunzi na wananchi walitembea katika mitaa inayofikwa na mafuriko, wakaiandika mifereji, madaraja na nyumba, na wakawauliza wazee maji hufika kimo gani. Mambo kama hayo hayaonekani kutoka angani. Ndege itauonesha mfereji, lakini mwenye nyumba ndiye anayejua kwamba mfereji ule umeziba tangu mwaka juzi.

Ujuzi huo wa mwenyeji ndio mali tunayoitupa kila siku. Nani anajua kisima kipi kina maji ya chumvi wakati wa kiangazi? Nani anajua njia ipi haipitiki kwa machela wakati wa masika, hata mja mzito ikabidi azungushwe? Nani anajua jina la kila bonde na kila kijiji kidogo? Wazee wanajua, na wazee wanaondoka. Kampuni ya kigeni inayopata fedha zake kwa matangazo haina haja na jina la kisima cha Makangale. Ina haja na jina la hoteli. Tukiwaachia wao kazi ya kutuandika, usishangae siku moja wajukuu zetu wakaziita pwani zao kwa majina ya hoteli, na majina waliyopewa na mababu zao yakawa hayaonekani pahala popote. Anayeandika jina ndiye anayelidumisha.

Tunakiri kwamba zipo hofu, na baadhi yake ni za haki. Ya kwanza ni ya usalama wa nchi. Maeneo ya ulinzi yasitangazwe, na hilo halina mjadala. Lakini neno usalama lisifanywe kufuli la kila kabati. Idadi ya matundu ya vyoo vya skuli si siri ya vita. Njia iliyo bora ni kuyaandika yale yanayozuiwa, moja baada ya jingine na kwa sababu zake, ili yote yaliyobaki yajulikane kuwa ni wazi.

Hofu ya pili ni ya siri za watu. Ramani ya wote iseme hapa pana nyumba. Isiseme anakaa nani, ana maradhi gani wala ana deni la nani. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na msingi wake ni mwema: taarifa za mtu ni amana. Kadhalika wavuvi wana haki ya kuyaficha maeneo yao ya uvuvi. Mwamba ambao baba amemwonesha mwanawe hauwi mali ya umma kwa kuwa tu kijana mmoja amepita na simu ya mkononi. Kutoa kwa hiari ndiko kutoa, na jumuiya ndiyo yenye kuamua nini kinatoka na nini kinabaki ndani.

Hofu ya tatu ni ya migogoro ya ardhi. Ijulikane wazi kwamba ramani hii si hati ya kiwanja. Mtu hatopata shamba kwa kuchora mstari, wala hatonyang'anywa kwa mstari uliochorwa na mwenziwe. Hati zina ofisi zake na sheria zake.

Ipo na hofu ya nne, ambayo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba ofisi ikizitoa taarifa bure itakosa mapato. Tunaomba wakubwa waipige hesabu hiyo upya. Mwaka 2022 nyumba zetu zilihesabiwa katika Sensa, ambayo kwa mara ya kwanza iliyajumuisha majengo, na mwaka huo huo ukaendeshwa mpango wa Anwani za Makazi. Hayo yalikuwa makubwa na ya faida. Lakini kila idara ikiwa na daftari lake inalolifungia, basi maji watahesabu, umeme watahesabu, afya watahesabu na elimu watahesabu, na mwananchi yule yule atagongewa mlango mara nne akiulizwa suala moja. Fedha inayopotea katika kuhesabu mara nne haiwezi kulipwa na ada ya kuuza nakala za ramani.

Sasa tuseme nini kifanywe.

Kwanza, Serikali iweke kanuni kwamba taarifa yoyote iliyokusanywa kwa fedha ya umma au kwa msaada uliotolewa kwa jina la wananchi, itolewe wazi baada ya muda maalumu, isipokuwa ile iliyotajwa katika orodha ya mambo ya kuzuiwa. Kanuni hiyo iwafunge pia wafadhili. Mradi ukimalizika, nakala kamili ya taarifa ibaki visiwani, na ihifadhiwe pahala zaidi ya pamoja. Haiwi sawa hazina ya nchi itegemee kompyuta moja iliyoko ng'ambo, ambayo mwenyewe akiacha kulipa kodi yake inazimwa.

Pili, apatikane mutawalli. Kamisheni ya Ardhi, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali na SUZA zikae pamoja ziamue nani atakuwa na dhamana ya kuipokea michango ya wananchi, kuihakiki na kuirejesha kwao ikiwa safi. Na dhamana hiyo iwe na kifungu chake katika bajeti, hata kama ni kidogo, ili isisubiri mradi mwingine ndipo ifanye kazi.

Tatu, kila shehia iwe na vijana wawili, mwanamke na mwanamme, waliofundishwa kazi hii. Sheha tayari ana daftari la wakaazi wake, na vijana hao watakuwa na daftari la pahala. Kila mwaka baada ya masika waizunguke shehia, waandike nyumba mpya, njia zilizokatika, visima vilivyokauka na mifereji iliyoziba. Baada ya hapo ramani ibandikwe penye ofisi ya sheha ili kila mwenye macho aikosoe. Na vijana hao walipwe posho. Kujitolea ni jambo la sifa, lakini anayesifu kujitolea aghalabu ni mwenye mshahara. Kijana asiyekuwa na nauli wala fedha ya kuingia katika intaneti hawezi kuitumikia nchi kwa miaka mitano kwa kupewa fulana na cheti.

Nne, Serikali yenyewe iitumie ramani hiyo. Hakuna kinachovunja moyo wa anayekusanya taarifa kuliko kuona hazifanyi kazi. Mwananchi akiandika kwamba kisima kimekauka, kisha baada ya miezi akaona fundi amekuja, mwaka wa pili ataandika bila ya kuombwa. Asipoona mtu, hataandika tena, na atakuwa na haki. Kamati za uvuvi katika vijiji vyetu zinazofunga miamba ya pweza kwa muda zimekwisha kutufundisha hilo. Watu hukubali kungojea, kupima na kuandika wanachovua kwa sababu siku ya kuufungua mwamba wanajionea wenyewe faida yake.

Wananchi nao wana wajibu wao. Wasimwoneshe mgeni wa sensa au wa ramani pahala pa uongo kwa kutarajia bomba la maji lipite karibu na mlango wao. Wasiyafute ya wenzao kwa ugomvi wa mpaka. Na walimu wa skuli wasione kwamba hii ni kazi ya wataalamu tu. Mtoto wa darasa la saba anayeweza kuieleza njia ya kutoka kwao mpaka skuli anaweza kuichora, na somo la jiografia litakuwa limepata uhai kuliko kukariri mito ya mabara asiyoyaona.

Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit al Ajaib ilianguka. Jengo lile lilijengwa mwaka 1883, na limo ndani ya Mji Mkongwe ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Kila mtu alikuwa akilisifu na kila mgeni akilipiga picha, lakini sifa hazikuziba nyufa zake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule tuliuona ukiwa umelala chini mbele ya Forodhani.

Ramani iliyotokana na kazi ya 2016 ni jengo la namna hiyo hiyo. Imesifiwa katika mikutano ya mabara, na inastahiki. Lakini kila masika inayopita bila ya kutiwa nyumba mpya, njia mpya na kisima kipya, huongezeka ufa mmoja. Vijana waliozirusha ndege zile wapo, masheha wapo, wazee wenye majina ya mabonde vichwani mwao bado wapo, ingawa hawatakuwapo siku zote. Linalosubiriwa ni uamuzi wa Serikali wa kuwapa kazi hiyo, pamoja na fedha kidogo ya kuifanyia, kabla ya masika mengine kuingia.